Saa ya kusali, saa tisa: Wayahudi na wakati wa sala

MsomajiUsiku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Matendo 3:1 wengi tumeusikia kanisani tangu utoto: Petro na Yohana walikuwa wakikwea kwenda hekaluni, "saa ya kusali, saa tisa." Mhubiri akifika hapo hukimbilia kwa yule kiwete aliyewekwa mlangoni, na saa tisa inaachwa njiani. Mimi leo naomba tusimame hapo hapo kwenye saa tisa. Wale walikuwa Wayahudi wawili wanaowahi jambo lenye muda wake, na jambo hilo linaendelea hadi leo Jerusalem, New York, London na hapo Nairobi.

Tuanze na Hekalu. Torati, Hesabu 28, inaagiza wanakondoo wawili kila siku, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Hii haikuwa sadaka ya tukio. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyepona, hakuna aliyekuwa anashukuru mvua. Ilitolewa kwa sababu siku nyingine imeingia, basi. Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa mnamo mwaka 200 hivi na Rabi Yehuda HaNasi, inataja hadi nusu saa: mwanakondoo wa jioni huchinjwa saa nane na nusu, na hutolewa saa tisa na nusu. Soma kama ilivyoandikwa, usibadili kitu. Saa za Mishna zinahesabiwa kuanzia macheo kama zetu. Msomaji wa Kiingereza hapo lazima ajumlishe sita ndipo aelewe. Mswahili anaelewa palepale kwamba ni alasiri, jua limeshaanza kulegea.

Mwaka 70 Warumi wakalichoma Hekalu. Wanakondoo wakakoma, saa zikabaki. Talmudi, yaani majadiliano ya marabi juu ya Mishna, katika kitabu cha Berakhot, ina rai mbili juu ya asili ya sala tatu za kila siku. Rabi Yosi mwana wa Hanina anasema ziliwekwa na mababu: Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema akaenda mahali aliposimama mbele za Mungu (Mwanzo 19), Isaka alitoka kondeni kutafakari jioni (Mwanzo 24), na Yakobo alifika mahali jua likatua (Mwanzo 28). Rabi Yehoshua ben Levi anasema ziliwekwa sawa na zile sadaka. Ukiangalia vizuri, rai zote mbili zimefungwa kwenye jua. Kila mzee ametajwa na sehemu yake ya siku.

Sala zenyewe ni Shaharit ya asubuhi, Minha ya alasiri na Arvit ya usiku. Siku ya Sabato na sikukuu inaongezwa Musaf, na Yom Kippur, siku ya upatanisho, ina ya tano, Neila, wakati wa kufunga malango.

Sasa jambo lililonishika mimi. Fungua Mishna kwenye kitabu chake cha kwanza, sura ya kwanza, mstari wa kwanza. Huwezi kukuta "Mungu ni nani" wala "kwa nini tusali." Utakuta swali: tangu wakati gani watu husoma Shema jioni? (Shema ni ile "Sikia, Ee Israeli" ya Kumbukumbu la Torati 6.) Jibu: tangu makuhani wanapoingia kula sehemu yao takatifu, yaani nyota zikishatoka. Na mwisho wake? Rabi Eliezer anasema mwisho wa zamu ya kwanza ya usiku. Wenye hekima wanasema usiku wa manane. Raban Gamliel anasema hadi alfajiri ichomoze. Halafu katikati ya sheria, Mishna inaingiza kisa: wanawe Raban Gamliel walirudi nyumbani kutoka karamuni wakamwambia, "Hatujasoma Shema." Akawajibu: kama alfajiri bado haijapambazuka, mnawajibika kusoma. Hatuambiwi kama aliwagombeza. Tunaambiwa tu kwamba muda ulikuwa bado upo. Na inaelezwa kwamba hata wale waliosema usiku wa manane, kwa sheria wanakubali mpaka alfajiri. Waliuvuta mwisho uje mapema makusudi ili mtu asije akajiambia nitakula kidogo, nitalala kidogo, halafu kukamkuta kumekucha.

Shema ya asubuhi inaanza pale unapoweza kutofautisha buluu na nyeupe. Rabi Eliezer anataka zaidi, utofautishe buluu na kijani. Mwisho wake, kwa Rabi Yehoshua, ni saa tatu, kwa sababu watoto wa wafalme ndio huamka saa tatu. Sheria ilimfuata yeye. Shaharit nayo, kwa Rabi Yehuda, mwisho wake saa nne.

Na aliyechelewa? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Talmudi inasema aliyesali baada ya wakati kupita anapewa ujira wa sala, ila ujira wa sala kwa wakati wake hapewi. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Yosef Karo wa Safed akaiandika hivyo hivyo katika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565, ambacho Wayahudi wengi washika dini wanakifuata hadi leo.

Maana yake kuna vitu viwili mkononi mwa anayesali. Kimoja ni maneno, na maneno unaweza kuyasema wakati wowote. Kingine ni ule muda wenyewe, uliokatwa kutoka kwenye usingizi, duka au mazungumzo, ukatolewa. Hicho cha pili ukikikosa hakuna pa kukipata tena, hata ukisali kwa machozi. Ndiyo maana sheria inakataza mtu kula chakula kabla ya Shaharit (maji hayakatazwi), kuingia kwenye biashara zake, hata kwenda mlangoni kwa mwenziwe kumwamkia. Sisi watu wa shikamoo tutaliona hilo la mwisho zito, lakini hoja yao iko wazi: salamu ya kwanza ya siku ina mwenyewe.

Karibuni tujadili. Nawaomba jambo moja tu, siasa za Mashariki ya Kati ziacheni kwenye nyuzi zake.

NdiziMzuzu

Naweka kambi. Mkuu endelea kushusha.

Mwana wa Meru

Mleta mada, uzi ni mzuri na nimeusoma wote. Lakini nina shaka. Mungu hakai kwenye saa. Yohana 4 inasema waabuduo halisi watamwabudu katika roho na kweli. Mtu ambaye moyo wake haupo, unamsukuma asali kwa sababu saa tisa na nusu imefika, huyo si atakuwa anakariri tu? Nimelelewa kwenye sala za ratiba shule ya bweni, kengele ikilia tunapiga magoti. Nakumbuka kengele kuliko sala. Mimi sasa nasali ninaposukumwa ndani, na nasali kweli.

MsomajiUsiku

Mwana wa Meru, shaka yako ni ya kale na wao wenyewe wameibeba. Katika Mishna hiyohiyo ya Berakhot, Rabi Eliezer anasema anayeifanya sala yake kuwa jambo la kawaida lililopangwa, sala yake si maombi. Na katika Pirke Avot, sehemu ya Mishna yenye mafundisho ya hekima, Rabi Shimon anasema uwe mwangalifu na Shema na sala, halafu hapohapo anaongeza: usalipo usiifanye sala yako ratiba, iwe kuomba rehema. Mambo yote mawili katika pumzi moja, muda na moyo.

Rambam, yule tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, anataja mambo matano yanayozuia sala hata kama wakati wake umefika, na mojawapo ni nia ya moyo. Anasema mtu aliyetoka safarini amechoka au amevurugika asisali mpaka akili yake itulie. Kwa hiyo usidhani waliisahau roho. Ila waliokuja baada yake, na Shulhan Arukh ikiwamo, wakasema kwa uchungu kidogo: siku hizi hatushiki tena ruhusa hiyo, maana hata tukitulia nia yetu si kubwa kiasi hicho. Basi sali kwa wakati na upambane na moyo wako humohumo ndani ya sala.

Na ugomvi huu uliwahi kuwagawanya vibaya. Karne ya 18, vuguvugu la Hasidim lilipoenea Poland na Lithuania, baadhi ya viongozi wao walitumia muda mrefu kujiandaa hadi saa za Shaharit zikapita. Mwaka 1772 jumuiya ya Vilna, mji wa yule msomi mkuu maarufu aliyeitwa Gaon, iliwapiga marufuku, na kuchelewesha sala ni moja ya mambo waliyolaumiwa. Hasidim walikuwa na hoja: Mishna inasema watakatifu wa kale walikuwa wakikaa saa nzima kabla ya kusali ili waelekeze mioyo yao. Nami, kwa heshima yote, nasimama na wa Vilna. Wale wa kale walikaa ile saa moja kabla, wakaanza kwa wakati.

Kuhusu kusukumwa ndani, nakuuliza kwa nia njema: wiki ambayo husukumwi inakuwaje? Wiki ya msiba, wiki ya madeni, wiki ambayo kila kitu kinakwenda vizuri na huna cha kuomba? Ile sadaka ya kila siku ilikuwa ya wiki kama hizo hasa.

Mwana wa Meru

Hilo la wiki ambayo kila kitu kinakwenda vizuri limenigusa, siwezi kukataa. Lakini bado sala ya kulazimishwa utotoni inaweza kumfunga mtu maisha yake yote, na hilo nalo lipimwe.

BintiPwani

Assalaam aleikum nyote. Kwetu jambo hili linaeleweka haraka. Katika Sura An-Nisaa tumeambiwa sala imefaradhishwa kwa waumini kwa nyakati maalumu. Kwa hiyo kaka yangu wa Meru, mtoto akifundishwa kwa upole, adhana haimfungi, inamkumbusha. Mimi nasikia ya alfajiri hata nikiwa ugenini ambako hakuna msikiti karibu.

Mleta mada, nina maswali mawili. Kwanza, wana kadha, yaani kulipa sala iliyopita wakati wake? Mtu akipitiwa na usingizi anailipa sala? Pili, wanawake wamewekwaje? Maana nimesoma mahali kwamba mwanamke wa Kiyahudi hana wajibu wa sala, sikuamini.

MsomajiUsiku

Wa aleikum salaam dada.

Kulipa sala kupo, lakini ni kwa mlango mwembamba. Aliyesahau Minha au kuzuiwa na jambo, usiku anasali Arvit mara mbili: kwanza ile ya wakati wake, halafu ya pili iwe fidia ya Minha. Nafasi ni hiyo moja tu, sala inayofuata. Ikipita nayo, imekwenda. Na aliyeacha kwa makusudi hana fidia kabisa. Talmudi inamsomea Mhubiri 1:15, yaliyopotoka hayawezi kunyoshwa. Kwa hiyo tofauti na kadha ni kubwa. Huwezi kujilimbikizia sala za mwezi mzima ukazilipa baadaye.

Kuhusu wanawake, kuna kanuni ya jumla kwamba amri za kutenda zilizofungwa na muda hazimlazimu mwanamke, kwa hiyo Shema na kuvaa tefilini (visanduku vya ngozi vyenye maandiko, hufungwa kwa mikanda mkononi na kichwani) havimlazimu. Lakini sala imetajwa waziwazi katika Mishna, Berakhot 3:3, kwamba wanawake wanawajibika. Sababu ya Talmudi ni fupi na nzuri: sala ni kuomba rehema, na rehema inamhusu kila mtu. Kiasi gani? Hapo wanatofautiana. Magen Avraham, mfafanuzi wa Poland wa karne ya 17, aliona wanawake wengi wanatosheka na dua fupi ya asubuhi wakishanawa. Mishna Berura, kitabu cha baadaye cha kufafanua Shulhan Arukh kinachosomwa sana leo (si ile Mishna yenyewe), inaona Shaharit na Minha zinawalazimu. Aliyekuambia hawana wajibu alichanganya Shema na sala.

Katekista wa Zamani

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza kidogo. Sala za saa za kanisa Katoliki nazo zina saa tatu, saa sita na saa tisa, ndizo watawa wanazosali mchana. Na katika Matendo, siku ya Pentekoste Petro anasema hawa hawakulewa, maana ni saa tatu ya mchana. Kornelio naye alikuwa akisali saa tisa. Mara nyingi waumini huniuliza kwa nini Biblia yetu ina saa "za Kiswahili." Nawaambia mfasiri hakuhangaika, saa za kule na zetu zinaanzia mahali pamoja.

Swali: nimesikia kuna Wayahudi wanaosali macheo hasa, jua likitokeza. Ni kundi tofauti?

MsomajiUsiku

Milele amina, katekista. Si kundi tofauti. Ni daraja la juu la sala ileile. Talmudi inasema wachaji wa zamani, wanaoitwa vatikin, walikuwa wakimaliza Shema sambamba na kuchomoza kwa jua ili waingie kwenye Amida, sala ya kusimama, mwanga wa kwanza unapotoka. Wanaisoma Zaburi 72, wakuche wewe pamoja na jua.

Ukifika kwenye Ukuta wa Magharibi Jerusalem alfajiri utalishuhudia. Pale husali makundi mengi kwa pamoja, huyu kwa lafudhi ya Yemen, yule ya Poland, wengine ya Moroko, kila kundi na mwendo wake, sauti zimepishana. Lakini wote wanapiga mahesabu ya kufika Amida jua linapochomoza, na Amida husomwa kwa kunong'ona. Kwa hiyo uwanja mzima uliokuwa na kelele unanyamaza kwa mara moja bila mtu yeyote kuamrisha.

Nami niseme nililoliona kwa macho yangu. Nafanya kazi za kuhudumia wazee London, zamu za usiku. Kuna mzee mmoja wa Kiyahudi niliyemhudumia, ukutani ana karatasi ya nyakati za mwezi mzima, dakika kwa dakika. Desemba London jua linachomoza saa mbili na dakika chache. Mzee anaamka kungali giza, ananawa, anakunja mkono wa shati wa kushoto hadi begani, anaweka mfuko wa mahameli wenye tefilini kwenye mapaja, anakaa karibu na dirisha. Haanzi. Siku moja nikamuuliza kwa nini asivae tu amalize apumzike. Akaniambia nizime taa, nisogee nyuma hatua chache, nisimame. Akanitazama kimya kwa muda. Halafu akasema, "Sasa naiona sura yako," akaanza kuzungusha ile mikanda mkononi.

Baadaye nikakuta katika Talmudi: wakati huingia pale mtu anapoweza kumtambua mwenzake wanayefahamiana kidogo kutoka dhiraa nne. Karatasi ukutani ingemtosha mzee wangu. Alitaka nami nijue karatasi imetokana na nini.

FundiEldoret

Hiyo ya mzee imeniingia. Sasa niulize kama mtu wa kazi za mikono. Mimi niko juu ya paa, mabati yamefunguliwa, wingu limetanda. Saa ya sala imeingia. Nashuka? Na mwenye duka je, na dereva wa matatu? Dini ya namna hii naona ni ya wasomi walioketi.

MsomajiUsiku

Fundi, umenifurahisha kwa sababu Mishna imekutaja wewe kabisa. Berakhot 2:4: mafundi husoma Shema wakiwa juu ya mti, au juu ya safu ya mawe ya ukuta wanaoujenga. Hawashuki. Kwa Amida sheria ni nyingine. Hiyo inataka utulivu, hawaruhusiwi kuisali huko juu. Kwa hiyo waliziangalia kazi za watu, wakapima kipi kinawezekana wapi.

Na sala ngumu kuliko zote ni hiyohiyo ya saa zako za kazi. Rabi Helbo, kwa jina la Rav Huna, anasema mtu awe mwangalifu sana na Minha, kwa maana Eliya kule Karmeli alijibiwa wakati wa Minha (1 Wafalme 18:36, wakati wa kutoa dhabihu ya jioni). Mwandishi wa kitabu cha sheria kiitwacho Tur, Yaakov ben Asher wa karne ya 14, anaeleza kwa nini: Shaharit inakukuta umeamka hujashika kitu, Arvit inakukuta umerudi nyumbani. Minha inakukuta katikati ya shughuli, mteja yuko mbele yako. Lazima uiache kazi kwa mkono wako mwenyewe. Kwa maoni yangu, ujira wa wakati uko hapo zaidi kuliko mahali pengine popote.

Ndiyo maana kuna sheria hii, Mishna ya Shabbat 1:2: karibu na Minha mtu asikae mbele ya kinyozi mpaka awe amesali, asiingie hamamu, wala kiwanda cha ngozi, asianze kula, wala asianze kusikiliza kesi. Lakini akiwa ameshaanza, haachi. Nani asiyejua kinyozi? Unakaa kwa dakika kumi, mnaingia kwenye mpira, unatoka jua limezama. Waliijua tabia ya binadamu vizuri.

Talmudi ina jambo jingine hapo hapo. Rabi Yohanan aliisifu sala ya jua linapofifia, wakati mwanga unakwisha. Lakini inaelezwa kwamba katika nchi ya Israeli walimlaani anayesubiri hadi muda huo, kwa hofu kwamba muda utamponyoka. Uzuri wa dakika ya mwisho waliuona, hawakuuamini.

NipoLubumbashi

Salamu kutoka Katanga. Hapa Lubumbashi lipo sinagogi la tangu enzi za Elisabethville, lilijengwa na Wayahudi ambao wengi wao asili yao ni kisiwa cha Rhodes. Siku hizi wamebaki wachache sana. Najua wanahitaji watu kumi ili kusali pamoja. Sasa ikiwa wako saba na muda unakwisha, wanangoja?

MsomajiUsiku

Asante ndugu, sinagogi hilo linastahili uzi wake peke yake. Jibu: kumi ndiyo minyan, katika Uyahudi wa Kiorthodoksi wanaume kumi. Bila minyan kuna sehemu zinaachwa, kwa mfano Kadish (sala ya kumtukuza Mungu) na kusoma Torati kutoka kwenye gombo. Lakini Amida mtu anaweza kuisali peke yake. Kungoja kidogo kunaruhusiwa na kunasifiwa, ila muda ukikaribia mwisho hawangoji. Kila mmoja anasimama anasali, hata wakiwa saba au mmoja. Sala ya jamaa ni kubwa sana kwao, na bado haina nguvu ya kuvusha muda.

Danieli alisali peke yake, mara tatu kwa siku, madirisha yameelekea Jerusalem, na amri ya mfalme imeshatiwa sahihi. Angeweza kuomba moyoni kwa siku zile thelathini na asijulikane.

Mwana wa Meru

Nimerudi. Huyo Danieli umemtaja wakati mzuri. Nimejaribu kufikiri kwa nini hakufunga tu dirisha. Nadhani ningelifunga.

MsomajiUsiku

Ndugu yangu, Mishna inamtaja na Raban Gamliel usiku wa harusi yake. Bwana arusi sheria ilimsamehe Shema usiku ule. Yeye akasoma. Wanafunzi wakamkumbusha: ulitufundisha kwamba bwana arusi amesamehewa. Akasema hatawasikiliza hata aondoe kwake ufalme wa mbinguni, hata kwa saa moja. Sidhani wote tunaombwa kufika hapo, na sheria yenyewe haikutaka. Lakini watu wa namna hiyo ndio walioubeba mpango huu kwa karne zote bila Hekalu.

FundiEldoret

Mkuu, la mwisho. Umesema saa zao na zetu ni moja. Nairobi wapo Wayahudi na sinagogi lao liko University Way. Wao basi wanatumia tu saa zilivyo, tatu, nne, tisa na nusu? Na huko kwenu London ambako usiku wa Juni ni mfupi, saa tatu ni lini?

MsomajiUsiku

Hapo inabidi niwe mwangalifu, maana mtu anaweza kusoma uzi huu akachukua saa ya mkononi moja kwa moja.

Saa ya sheria si dakika 60. Unachukua mchana wote, unaugawa kwa kumi na mbili, kila sehemu ndiyo saa. London mwishoni mwa Juni mchana ni karibu saa 16 na dakika 38, kwa hiyo "saa" moja ni kama dakika 83. Desemba inashuka hadi kama dakika 39. Ndiyo sababu ya ile karatasi ukutani kwa mzee, kila siku na nyakati zake. Juni, Arvit inaweza kuchelewa hadi karibu saa nne na nusu usiku ndipo nyota zionekane, na wenye watoto wadogo huikaribisha Sabato mapema, jua likiwa bado juu.

Nairobi iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo mchana haubadiliki sana na saa ya sheria ni karibu dakika 60 mwaka mzima. Kitu kimoja tu: saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa nyuzi 45 za mashariki, na Nairobi iko magharibi ya hapo, karibu nyuzi 37. Jua linachelewa kama nusu saa kwa wastani, likisogea mbele na nyuma robo saa hivi kutegemea mwezi. Jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu, mwisho wa Shema ni kama saa tatu na nusu, mwisho wa Shaharit saa nne na nusu, Minha inaweza kuanza saa saba, Minha ile ya baadaye ya saa tisa na nusu za Mishna inaangukia saa kumi, na jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Eldoret uko magharibi zaidi, ongeza dakika chache.

Na ukiona karatasi ina safu mbili za mwisho wa Shema, usidhani ni makosa ya uchapaji. Safu moja ni ya Gaon wa Vilna, anayehesabu mchana kutoka macheo hadi machweo. Nyingine ni ya Magen Avraham, anayeanza alfajiri, dakika 72 kabla ya jua, na kumaliza usiku ukiingia, dakika 72 baada ya jua kuzama. Kwa hesabu yake mwisho unakuja dakika 36 mapema, kwa mfano wetu wa Nairobi ni saa tatu kasoro dakika sita. Wengi wanaoweza, husoma kabla ya huo mwisho wa mapema.